Wanawake Walioitwa kwa Namba: Kuisoma Nguzo Mama Tukiwa Simiyu

Penina Muhando alipoitoa tamthiliya ya Nguzo Mama mwaka 1982, aliwapa wanawake wa Patata, kijiji chake cha kubuni, majina yasiyo majina: Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi kufika Bi Nane. Kazi iliyo mbele yao ni kuisimamisha nguzo, na mchezo unakwisha nguzo ikiwa bado haijasimama. Wahakiki wengi wameielekezea macho nguzo yenyewe, wakiuliza inawakilisha nini: maendeleo ya wanawake, jumuiya yao, au taifa zima. Swali hilo lina uzito wake, lakini limelifunika lingine ambalo kwangu ndilo ufunguo wa tamthiliya. Kwa nini mtunzi anayewapenda wanawake kiasi hiki awanyime majina? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba Muhando aliona jambo ambalo takwimu za ukatili hazilionyeshi. Kipigo huja baadaye. Kabla yake mwanamke amekwisha kupangiwa nafasi katika hesabu ya watu wengine, kama binti wa fulani, mke wa fulani au mjane wa fulani, na ukatili ndio unaotumika kumrudisha kwenye nafasi hiyo kila anapoonekana kutoka. Dai hili haliwezi kupimwa kwa kitabu peke yake. Linahitaji mahali penye watu, mifugo, mashamba na kesi mahakamani, na mahali hapo ni Bariadi na wilaya zinazoizunguka za Itilima, Maswa, Meatu na Busega, zilizounganishwa kuwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012.

Tuanze na yanayotendeka jukwaani. Wanawake wa Patata hawashindwi kwa sababu hawaitaki nguzo. Kila mmoja anavutwa nyuma na jambo lililo nyumbani kwake. Yupo ambaye biashara yake ndogo inazaa fedha, na fedha hizo zinaishia mikononi mwa mume na kwenye pombe. Yupo aliyefiwa, na kabla machozi hayajakauka ndugu wa marehemu wanafika kuchukua mali. Mtu anayesoma kwa haraka ataona misiba tofauti iliyokusanywa ili kuonyesha kwamba maisha ya wanawake ni magumu. Anayesoma kwa utulivu ataona msiba ni mmoja. Wote wanafanya kazi ambayo matunda yake yameandikwa kwa mtu mwingine. Mume anayechukua fedha za mauzo hajioni mwizi, na ndugu wa marehemu hawajioni wanyang'anyi, kwa kuwa kwa hesabu wanayoijua mali hiyo haikuwa ya mwanamke hata siku moja. Hapo ndipo namba zinapopata maana yake. Bi Nane ni nafasi, na nafasi haimiliki kitu.

Kilimo cha Simiyu kinalifanya jambo hili lionekane wazi kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Mkoa huu unaongoza kwa pamba Tanzania, na pamba ni zao lenye tabia yake. Kupanda, kupalilia na kuchuma hukusanya mikono ya kaya nzima kwa miezi, na mikono ya wanawake na watoto ndiyo mingi. Malipo hayaji kidogo kidogo kama ya mboga au maziwa. Yanakuja mara moja, msimu wa masoko, kupitia chama cha ushirika cha msingi, na kwa kawaida yanaingia kwa jina la mkuu wa kaya. Kwa hiyo ugomvi wa nyumbani katika vijiji vya pamba una kalenda yake. Mwanamke anayeuliza fedha za msimu zimekwenda wapi anauliza swali la kihasibu, lakini linapokelewa kama uasi. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu hicho kimekuwepo zaidi ya miaka 50 na kipigo kipo bado. Sababu ni kwamba sheria ilimkataza mume kupiga bila kugusa kile ambacho kipigo kinakilinda, yaani haki yake ya kutoulizwa.

Kuhusu chanzo cha haki hiyo hatuna haja ya kubahatisha. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa jamii wa serikali ya kikoloni, alikusanya sheria na mila za Wasukuma, wenyeji wa Simiyu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, na ng'ombe wa mahari wamo karibu kila ukurasa unaozungumzia ndoa. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiamua mtoto ni wa nani. Mahari ikilipwa, watoto ni wa ukoo wa baba, na isipolipwa, wanabaki upande wa mama hadi baba atakapowakomboa kwa mifugo. Kazi ya namna hiyo ya kukusanya na kuoanisha mila ndiyo iliyotangulia Tamko la Sheria za Mila la 1963, lililozigeuza desturi za makabila mengi ya ukoo wa kuumeni kuwa kanuni zenye namba. Kanuni ya 27 ya mirathi inasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mabinti wamewekwa daraja la tatu na la mwisho. Ni jambo la kutisha kidogo kuisoma kanuni hiyo na Nguzo Mama zikiwa mezani pamoja, kwa maana anayoyapitia mjane wa Patata jukwaani ndiyo ambayo serikali huru ilikuwa imekwisha kuyaandika katika lugha ya kisheria miaka 19 kabla ya tamthiliya kutoka.

Na haikuwa hadithi. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Mkoa wa Shinyanga, wakati huo Bariadi ikiwa bado sehemu ya mkoa huo, walitolewa katika nyumba zao na ndugu za waume zao baada ya waume kufariki. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzitengua, ikihofia kwamba kuzibadili mila kwa hukumu kungefungua mlango usiofungika. Rufaa yao ilianguka mwaka 2010 kwa sababu ya kasoro ya hati, wala hoja yenyewe haikusikilizwa. Ilibidi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iseme, mwaka 2015, kwamba Tanzania ilikiuka haki zao na inapaswa kuzibadili kanuni hizo. Hakuna aliyewapiga wajane hawa katika maelezo yanayojulikana ya kesi, lakini kila hatua ya safari yao ni ukatili. Kuwaondoa mahali pa kulala kulifuatiwa na kuambiwa na Mahakama Kuu kwamba wana haki na hawataipata.

Kuna pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa, na wazee wengi wa Usukumani wangelitoa kwa unyoofu. Watasema mahari ya ng'ombe ni heshima. Binti aliyetolewa ng'ombe wengi anaingia kwa wakwe akiwa na uzito, ukoo wake unabaki nyuma yake, na mume anayemtesa anajua kwamba akimfukuza bila sababu huenda asirudishiwe mifugo. Katika hoja hiyo mna ukweli. Mila ya zamani ilikuwa na breki zake, na mwanamke mwenye kaka wakali alikuwa na pa kukimbilia. Lakini tazama breki hizo zilikuwa mikononi mwa nani. Ulinzi wote unatoka kwa wanaume wawili wanaodaiana, na mwanamke ndiye jambo wanalodaiana. Ng'ombe wakishachinjwa, kuuzwa au kufa kwa ukame, kama wafavyo Meatu mwaka hadi mwaka, ulinzi unakwenda nao, na baba ambaye hana mifugo ya kurudisha anakuwa wa kwanza kumwambia binti yake avumilie. Heshima inayoweza kuisha kwa ukame si heshima ya mtu mwenyewe.

Ukitaka kuona namna utambulisho unavyoporwa mapema, itazame desturi iitwayo chagulaga, ambayo viongozi na asasi wamekuwa wakiipiga vita Usukumani. Vijana wa kiume wanamzunguka msichana njiani, mara nyingi akitoka mnadani au ngomani, na wanamtaka achague mmoja wao. Kwa nje kinachoonekana ni uchaguzi. Msichana anaulizwa, anapewa nafasi ya kutamka, na akitamka atahesabiwa kuwa amekubali. Kwa mtu wa jukwaa, hili ni igizo lililokamilika, lina wahusika, duara, na mstari mmoja wa maneno ambao mhusika mkuu analazimishwa kuusema. Hana ruhusa ya kusema hapana, kwa kuwa jibu hilo halikuandikwa katika igizo. Sheria ya Ndoa nayo ilikuwa ikifanya kitu cha namna hiyo ilipomruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu iliposema mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani kuthibitisha Oktoba 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Idhini ilitolewa na mwingine, na binti akawekewa mdomoni.

Kutoka kwa msichana twende kwa kikongwe, kwa maana hapo ndipo dai langu linapojaribiwa kwa ukali zaidi. Usukumani umepata sifa mbaya nchini kwa mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi. Macho mekundu, ambayo katika nchi isiyo na miti mingi yanatokana na miaka ya kupikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, yamegeuzwa kuwa ushahidi. Mpiga ramli anataja, wakata mapanga wanalipwa, na kikongwe anakutwa amekatwa usiku. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia aliyelichunguza jambo hili kwa undani, alitumia takwimu za serikali za kati ya 1970 na 1984 zinazoonyesha watu zaidi ya 3,600 kuuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa kabisa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati huo. Mesaki hakuridhika na maelezo kwamba Wasukuma wanaamini sana uchawi, kwa sababu imani hiyo ilikuwepo zamani bila mauaji ya kiwango hicho. Aliitaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kuwa miongoni mwa sababu. Watu waliozoea kuishi kwa kutawanyika, kila mji na eneo lake, walisogezwa pamoja, na hofu zilizokuwa zikipozwa kwa umbali zikakosa nafasi ya kupoa.

Atakayesema basi kiini ni imani wala si jinsia, ninamwomba atazame ni nani hasa anayetajwa. Wanaume nao waliuawa, hilo halifichiki. Lakini kikongwe wa kike ana hali tatu zinazokutana mahali pamoja. Mume wake amekufa, kwa hiyo kamba iliyomfunga katika ukoo imelegea. Uzazi umekwisha, kwa hiyo sababu ya kutolewa ng'ombe imekwisha pia. Na mara nyingi bado amekaa kwenye shamba au kati ya mifugo ambayo kwa Kanuni ya 27 si yake, huku warithi wakisubiri. Katika hesabu ya ukoo amekuwa mtu asiye na nafasi aliyeshikilia mali yenye nafasi. Imani ya uchawi ndiyo inayotoa jina la kumwita, na jina hilo ndilo la kwanza kabisa alilopewa kama mtu binafsi baada ya maisha ya kuitwa kwa wengine. Sisemi kila aliyeua alikuwa akipiga hesabu ya ekari. Wako walioua kwa hofu ya kweli, mtoto amewafia na wanatafuta sababu. Ninachosema ni kwamba hofu ina mahali inapopenda kutua, na inatua pasipo na wa kudai damu.

Hapa tamthiliya nyingine inatusaidia, nayo imetoka katika simulizi za Wasukuma wenyewe. Emmanuel Mbogo, katika Ngoma ya Ng'wanamalundi ya mwaka 1988, alimchukua mcheza ngoma na mtu wa miujiza wa enzi za wakoloni, ambaye Usukumani wote unamkumbuka kwa kukausha miti kwa kunyoosha kidole, akamweka dhidi ya mchawi aitwaye Chidama anayewageuza watu kuwa misukule wa kumtumikia. Mchawi wa Mbogo si kikongwe aliye peke yake kwenye kibanda chenye moshi. Ni mwanaume mwenye nguvu, na uchawi wake ni kazi za wengine anazokula bila kulipa. Hiyo ndiyo hatua kubwa ya kifikra ya tamthiliya, ingawa ni nadra kusifiwa kwa ajili yake. Inahamisha tuhuma kutoka kwa mtu dhaifu kwenda kwa mwenye mamlaka, na inampa mtazamaji wa Usukumani kipimo kingine cha kumtambua mchawi, kwa kuuliza nani anafaidika. Hata hivyo ninaona upungufu ndani yake. Ukombozi unategemea shujaa wa kiume mwenye kipawa kisicho cha kawaida, na utambulisho wa Wasukuma unaoinuliwa ni ule wa ngoma na nguvu za mwanaume. Muhando alikataa njia hiyo. Katika Patata hakuna anayekuja na kidole cha kukausha miti.

Ni kwa sababu hiyo lawama inayotupwa mara kwa mara kwa Nguzo Mama inahitaji kujibiwa kwa uangalifu. Inasemwa kwamba Muhando anawalaumu wanawake, maana wanagombana, wanasengenyana na kutawanyika, na nguzo inabaki chini kwa makosa yao. Ni kweli kwamba hakuwapamba. Aliandika katika Mwongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, 1976 hadi 1985, wakati ambapo hotuba kuhusu mshikamano wa wanawake zilikuwa nyingi, na alikuwa na ujasiri wa kuonyesha kwamba mshikamano hauji kwa kuimbwa. Lakini ugomvi wa wanawake wa Patata una chanzo chake ndani ya mchezo wenyewe. Mtu ambaye usalama wake wote umetundikwa kwa mwanaume mmoja atamwona mwanamke mwenzake kuwa mshindani, awe mke mwenza, wifi, au jirani aliyependwa. Simiyu jambo hili halihitaji kufafanuliwa, kwa maana tuhuma nyingi za uchawi huanzia midomoni mwa wanawake, dhidi ya mama mkwe au mke mwenza. Kulisema hilo si kuwaondolea wanaume wajibu. Ni kuonyesha kwamba mfumo ulio imara haumhitaji mwanaume asimame mlangoni saa zote.

Pingamizi la mwisho ni la watu wa vitendo. Watauliza tamthiliya ya mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayosomwa na wanafunzi wanaojiandaa na mtihani, inambadilishia nini mwanamke wa Nkololo au Dutwa kule Bariadi. Mtunzi mwenyewe alijiuliza swali hilo, na jibu lake lilimleta jirani kabisa na Simiyu. Kati ya 1982 na 1983 yeye, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi ya sanaa za maonyesho katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, kwenye njia ya reli inayopita Malampaka wilayani Maswa. Wanakijiji ndio waliochagua matatizo, yakiwemo ya vijana na mimba za wasichana, wakayaigiza kwa ngoma na nyimbo wanazozijua, kisha wakakaa kuyajadili. Baadaye, kuanzia 1996, mradi wa Tuseme uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuigiza yanayowazuia kusoma, wakiyasema wao wenyewe badala ya kusemewa. Katika kazi hizi mwanamke alitoka katika kuwa mada ya mchezo akawa mwenye mchezo, jambo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kulifanya.

Simiyu ina uwanja uliokwisha kuandaliwa kwa kazi ya namna hiyo. Mashindano ya Wagika na Wagalu, makundi mawili pinzani ya ngoma za Wasukuma, baada ya mavuno yanawakusanya watu wengi kuliko mkutano wowote wa hadhara, na manju mwenye ulimi mkali anaweza kumsema kiongozi mbele ya wilaya nzima bila kuguswa, kwa kuwa desturi inamlinda. Uhuru huo wa kusema, ambao jamii iliutunza kwa vizazi, umekuwa zaidi wa manju wa kiume, na nyimbo zimewagusa wanawake kwa sifa au kwa kejeli. Wanawake nao wana nyimbo zao, za kazi, za harusi na za mapacha, zenye ukweli mwingi ambao haupelekwi uwanjani. Ukileta nyimbo hizo katikati ya duara, pamoja na kisa cha mjane na ndugu wa marehemu, hadhira ya Bariadi haitahitaji kuelezwa maana ya Patata. Igizo lisiishie kwenye kilio cha mjane. Lisimame pale ndugu wanapofika kuhesabu mifugo, na watu waliokaa waulizwe ni nani atakayesema nini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, imebatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mke na mume pamoja. Inayotoa hati hizo ni halmashauri ya kijiji, na katika onyesho la namna hii wajumbe wake watakuwa wameketi mbele, kwenye viti vya wageni, wakisubiriwa na wanakijiji wenzao wajibu.